Makuti Juu, Pampu Chini

Siku hizi anayetaka kujenga hoteli ufukweni bila kusumbuliwa na maswali hasemi anajenga hoteli. Husema anajenga kituo cha mapumziko na afya: vyumba vichache, paa za makuti, kuta za mawe na chokaa, baraza ya kufanyia yoga inayotazama mawio, samaki wa leo na tunda la shambani, televisheni hakuna. Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe na Kiwengwa mpaka Paje, Jambiani na Makunduchi, maneno haya yamekuwa kama bismillahi ya kila mradi. Mwekezaji anayasema, mbunifu wa majengo anayasema, kiongozi anayasema akikata utepe. Hata wasomi wetu wanaopinga kila kitu wakifika hapo hulainika.

Rai yenyewe, ikisemwa kwa haki, ni hii. Utalii hatuna pa kuukimbia. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, na hatuna mgodi wala viwanda vya kuziba pengo lake. Wageni watakuja tu, basi ni heri waje wachache wenye fedha kuliko wengi wenye pesa za kuhesabu. Ni heri walale chini ya makuti kuliko katika ghorofa la saruji. Vifaa vya hapa humpa riziki fundi wa hapa, havihifadhi joto, na vikichakaa huoza vikarudi ardhini. Mgeni apumzike, kijiji kipate ajira, bahari ibaki safi. Nani asiyetaka?

Ubaya wa rai hii ni kwamba inapima kwa macho. Inatazama paa, inaridhika, inaondoka. Tushuke chini ya paa.

1. Vifaa vya asili

Kuti la mnazi lililosukwa hudumu miaka michache, kisha paa huezekwa upya. Kwa banda la vyumba viwili si tabu: mwenye nyumba alikuwa na minazi yake, mkewe na binti zake walisuka. Ukumbi wa kulia wa hoteli ni habari nyingine. Paa lake linapanda juu mfano wa jahazi lililopinduliwa, na makuti yake huja kwa malori kutoka mashamba ya mbali. Kisha, kwa kuwa makuti ni chakula cha moto na nyumba ya wadudu, hupigwa dawa ya kuzuia vyote viwili. Hayo ndiyo tunayoambiwa yatarudi ardhini kwa usalama.

Wakati huohuo mwanakijiji ameshahamia kwenye bati. Hakufanya hivyo kwa kukosa utamaduni. Amechoka kuezeka kila baada ya miaka michache na kulala akiogopa cheche. Basi tumefika mahali ambapo tajiri anajivunia makuti kwa sababu ana uwezo wa kuyabadilisha, na maskini analaumiwa kwa bati lake linalong'aa na kuharibu picha ya mgeni.

Boriti nazo ni mikoko. Nguzo ya baraza ya yoga ilikuwa mti uliosimama kwenye matope, ukizuia ukingo wa pwani kuliwa na kuwapa samaki wachanga pa kujificha. Kenya iliona mikoko yake inakwisha, ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982. Chokaa, ambayo kila mtu anaisifu kwamba "inapumua," hutoka kwenye tanuri: magogo hupangwa chini, mawe ya matumbawe juu yake, halafu moto kwa siku kadhaa. Ukuta mweupe mmoja unameza lundo la magogo ambalo mgeni haonyeshwi. Sisemi saruji haina madhara. Mchanga unaochimbwa Unguja kwa ajili ya matofali umeacha mashimo ya kutisha. Nasema tu kwamba "asili" si cheti cha usafi.

Na kama sifa ni kujenga kwa vifaa vya pwani, waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar walitumia boriti, mawe na chokaa hiyohiyo. Upana wa vyumba vyao ulifuata urefu wa boriti, kuta zao nene zilizuia jua, vichochoro vyao vyembamba viligawana kivuli. Mbunifu wa leo ameacha busara hiyo yote akachukua sura: paa refu lisilo na dari, ukuta unaoishia nusu, halafu kiyoyozi. Baridi inavuja kupitia kila uwazi, inapoza bustani. Usiku kucha jenereta au waya wa umeme unaotoka bara chini ya bahari unalipia hayo maelewano na maumbile.

2. Maji

Hapa ndipo ilipo kesi yenyewe, na ndipo vipeperushi vyote vinaponyamaza.

Mashariki ya Unguja ni nchi ya maweni. Udongo ni kidogo, chini yake ni mwamba wa matumbawe wenye matundu. Mito hakuna. Mvua ikinyesha huzama moja kwa moja, na maji matamu hukaa kama utando mwembamba juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi. Ukiyateka taratibu, utando unabaki. Ukiweka pampu yenye nguvu ukavuta mchana na usiku, maji matamu yanapungua na ya chumvi yanapanda. Kisima kikishaingia chumvi, mwenye pampu huenda akanunua mtambo wa kuichuja. Jirani yake mwenye ndoo na kamba hana pa kwenda isipokuwa kwenye foleni ya bomba la serikali, na hilo nalo hutoa maji linapopenda.

Mwaka 2012 shirika la Uingereza la Tourism Concern lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Kaya ya kijijini ilikuwa ikitumia wastani wa lita 93.2 za maji kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni ya kawaida: lita 686. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano: hadi lita 3,195. Gawanya mwenyewe. Chumba kimoja, ambacho huenda kimelaliwa na watu wawili, kilikuwa kikitumia maji ya kaya 34, na kaya zetu mnazijua: baba, mama, watoto, bibi, na mpwa aliyekuja kusoma.

Nitajibiwa kwamba hizo ni hoteli kubwa za zamani, vituo vya afya ni vidogo. Vidogo kwa idadi ya vyumba, ndiyo. Lakini hebu tazama kinachouzwa humo. Bwawa dogo mbele ya kila nyumba. Beseni la kuogea la nje lenye petali za waridi. Chumba cha mvuke. Mashuka na mataulo yanayofuliwa kila siku, kwa sababu mtu akikandwa kwa mafuta lazima taulo lifuliwe. Bustani ya bogenvilia na nyasi za kijani juu ya mwamba ambao kwa tabia yake haujapata kuotesha nyasi za kijani. Uzuri wote wa kituo cha afya, ukiuchunguza, ni maji. Hoteli ya ghorofa inauza kitanda. Hiki kinauza kuloa.

Halafu angalia majira. Wageni hujaa Julai na Agosti, na tena Desemba hadi Februari, miezi ambayo mingi ni mikavu. Masika yanapoingia, mbingu zinapofunguka na visima kupumua, hoteli nyingi hufunga, wafanyakazi wakaambiwa warudi Juni. Mradi unaojinadi kuishi kwa mapigo ya maumbile unafunga milango maumbile yanapotoa, na unafungua pampu yanapobana.

3. Choo

Samahani kwa wanaosoma wakiwa mezani. Ila mtu akitaka kujua kama jengo linapatana na mahali lilipo, aache kutazama baraza, aulize choo kinamwaga wapi.

Mwamba wenye matundu hauchagui: unapitisha mvua kwenda chini, na unapitisha kinachotoka karoni vilevile. Karo la maji machafu likichimbwa hatua chache kutoka ufukweni, yaliyomo hayabaki humo. Yanasafiri, mengine kuelekea visimani, mengine kuelekea baharini, huko yanakorutubisha mwani wa porini unaofunika matumbawe. Mgeni anavaa miwani ya kuzamia na kusikitika jinsi mabadiliko ya tabianchi yalivyoharibu matumbawe ya Zanzibar. Joto la bahari lina sehemu yake. Na yeye pia ana sehemu yake, ya tangu asubuhi.

Watetezi wa rai hii wana mfano mmoja wanaoutaja kila mara, na ni mfano wa kweli: kisiwa kidogo cha Chumbe, kusini-magharibi mwa Unguja, ambacho matumbawe yake yalitangazwa hifadhi mwaka 1994. Nyumba za wageni pale ni saba tu. Paa hukinga mvua, maji yanahifadhiwa kwenye tangi chini ya sakafu, na yakiisha yameisha. Vyoo havitumii maji. Kinyesi hugeuzwa mboji. Maji ya kuoga hupita kwenye kitalu cha mimea kabla ya kuachiwa. Sawa. Nauliza tu: katika hoteli zote zilizojengwa tangu hapo na kujiita za kimazingira, ngapi ziliiga choo? Paa la Chumbe limeigwa pwani nzima. Choo chake kimeachwa kisiwani. Wanautaja ule mfano kama mtu anayejisifu kwa ucha Mungu wa babu yake.

Tena Chumbe inafichua jambo ambalo rai hii hailitaki kabisa, nalo ni kwamba mahali pasipo na maji pana ukomo wa wageni. Mbunifu anayeanza na vyumba ishirini na mabwawa ishirini, kisha akatafuta "suluhisho la kijani," ameshakosea kabla hajanoa kalamu.

4. Mahali patupu

Picha ya kituo cha afya ni lazima iwe na ufukwe usio na mtu. Utulivu, wanasema. Maumbile yasiyoguswa.

Ufukwe wa mashariki wa Unguja umeguswa na kila mkono. Minazi ile inayopendeza kwenye picha haikuota yenyewe. Ilipandwa, na kila mmoja una mwenyewe anayejulikana kijiji kizima. Kwenye mchanga, wanawake hufukia makumbi mpaka yalainike, kisha huyafukua na kuyapondaponda wapate usumba wa kusokota kamba. Harufu yake ni kali, sikatai. Maji yakipwa, wanatoka kwenda kuchokoa pweza. Na tangu kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, kila bamvua wanawake wako majini mpaka magotini, na vigingi vyao na kamba zao. Wavuvi wana diko lao, na njia yao ya kuvutia ngalawa.

Ramani ya mradi huonyesha kila mnazi, kwa sababu mnazi unapendeza. Njia ya wavuvi haionyeshwi. Baada ya mwaka njia inageuka ua, na anayetaka kwenda majini azunguke. Vigingi vya mwani vinakuwa hatari kwa wageni wanaovutwa na tiara juu ya maji. Mashimo ya makumbi yananuka, yahamishwe. Majani ya bahari yanayoletwa na mawimbi yanachafua mandhari, basi kila alfajiri kijana wa kijijini analipwa kuyafagia, ingawa ndiyo yanayosaidia kushika mchanga usichukuliwe. Ufukwe ukianza kuliwa, unajengwa ukuta. Adhana ya alfajiri inaombewa spika ndogo. Baada ya yote hayo kufanyika, mgeni anakaa kwenye mkeka wake, anavuta pumzi, na kuambiwa kwamba hapa maumbile hayajaguswa.

Cha kuchekesha, kama ningekuwa na moyo wa kucheka: dutu inayokamuliwa katika mwani wa wanawake haohao hutumika kutengenezea krimu na dawa za meno huko duniani. Inawezekana kabisa mgeni anapakwa usoni kile alicholalamikia asubuhi kwamba kinamharibia mandhari.

Na ardhi? Tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na kwenye maweni ya kijiji fidia kwa kawaida huhesabiwa kwa kilichomo juu yake: mnazi huu, mwembe ule, msingi wa banda. Mtu analipwa miti yake. Halipwi njia, halipwi diko, halipwi kuni za msituni wala haki ya mjukuu wake kujenga karibu na bahari. Hakuna fomu yenye safu hiyo. Ndiyo maana hesabu ya mradi hutoka vizuri sana.

5. Uponyaji

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu hoja yenyewe ni nyepesi. Inasemwa vituo hivi vinaenzi tiba na maarifa yetu. Ushahidi ni singo, ule msuguo wa mwili kwa manukato. Singo ilikuwa kazi ya somo kwa bi harusi: siku za kujitenga, manukato, karafuu, asmini, kilua, liwa, na mafunzo yanayosemwa kwa sauti ya chini. Sasa iko kwenye orodha ya spa, inauzwa kwa dakika, baina ya ukandaji wa Thailand na mafuta ya Kerala. Biashara haijakosea kuuza. Ila tusidanganyane kwamba kuuza dakika 60 za singo ni kumuenzi somo, ambaye hana mkataba, hana asilimia, na binti yake anafua mataulo.

Na kuhusu kuponya kwenyewe: mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wengine walifia foleni. Wasomi waliwacheka: watu gani hawa wanaoamini mizizi ya msituni inaponya kila kitu? Kejeli hiyo ilikuwa na haki yake. Kuacha dawa za hospitali kwa ajili ya kikombe ni msiba. Lakini mtu akija na ndege, akalipa kwa dola, akaahidiwa kwamba upepo wa bahari, juisi ya kijani na kukaa kimya vitamtoa sumu mwilini, hatucheki. Hiyo tunaiita sekta.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni ndiye anayepona.

6. "Bora hii kuliko ghorofa"

Hii ndiyo ngome ya mwisho, na wengi hudhani haivunjiki. Ghorofa la saruji ni baya, sina ugomvi. Lakini ghorofa linarundika watu mia mahali pamoja, na choo chao kinaweza kupelekwa kwenye mtambo mmoja wa kusafisha. Kituo cha afya huuza faragha, na faragha ni ardhi. Vijumba kumi na mbili vilivyotawanywa ili mmoja asimwone mwenzake vinakula ufukwe mrefu kuliko ghorofa, kwa wageni wachache zaidi, na bomba refu zaidi, na ua mrefu zaidi. Ukihesabu kwa kila mgeni, yule mpole wa makuti ndiye mla ardhi. Ghorofa angalau halijifichi. Ofisa wa mazingira akilitazama anajua anatakiwa kuuliza. Makuti humlaza usingizi.

Na hata wote wangekuwa na vyoo vya mboji, bado kuna ndege. Abiria mmoja wa kutoka Ulaya, kuja na kurudi, anaacha angani zaidi ya tani moja ya hewa ukaa. Mtanzania wa kawaida, kwa mafuta, gesi na makaa yote anayotumia mwaka mzima, hafikii nusu tani. Mgeni anayechukua ndege kuja kukaa wiki moja bila televisheni ili apunguze mzigo wake duniani ana haki ya kupumzika kama mtu yeyote. Hana haki ya kupewa na shahada.

Ajira nazo zimo, na siwezi kumwambia kijana wa Jambiani akatae mshahara. Ila ajira si hoja ya mazingira. Kiwanda cha plastiki nacho kinaajiri.

Kwa hiyo naomba wanaokaa kwenye meza za vibali, na masheha wanaoitwa kuweka mhuri mambo yakiwa yameshaiva: mradi wowote unaojiita rafiki wa maumbile ulete karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya shehia. Iandikwe lita ngapi kwa kila chumba kwa siku, na zitatoka kisima gani. Maji machafu yataishia wapi. Njia zipi za kwenda baharini zipo leo, na zipi zitabaki. Mita ya maji ifungwe kwenye pampu, isomwe hadharani kila mwezi, na kiwango kikivukwa pampu izimwe. Asiyeweza kujaza karatasi hiyo aitwe mwenye hoteli, alipe kodi ya hoteli, na aache maumbile nje ya tangazo lake.